Shingo ya Mfalme

Usiku wa kuamkia arusi ya Sorcha
mama alimbeba Mfalme kwa mikono miwili,
kama abebavyo sufuria ya supu,
akamtoa nje.

Ni desturi ya Leitrim, usiniulize ilianzia wapi:
Mtoto Yesu wa jasi, taji kichwani,
dunia nzima kiganjani, ukubwa wa chungwa,
hulazwa chini ya uzio wa miiba
ili kesho jua limwakie bibi arusi.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumanne.
"Wewe uliyezichimba bahari," mama alimwambia,
akimfunga mfuko wa plastiki mabegani, kisha akaufungua
(ukimfunika, alisema, atajuaje kuna mvua?),
"nakuomba Jumamosi moja. Moja tu.
Deni la paa la kanisa tutalizungumza baadaye."

Hivyo ndivyo Attracta McGoldrick asemavyo na wafalme.

Nililala nikisikia matone yakigonga bati la banda la ng'ombe,
nikamfikiria huko aliko,
joho lake jekundu limefifia hadi rangi ya ulimi.
Shuleni masista walitufundisha: mfalme ana jeshi,
mfalme ana lango, na langoni yupo mlinzi
wa kukuuliza umetoka wapi.
Wetu hakuwa hata na mwavuli.
Mwenye nguvu mpishe, husema watu;
huyu ndiye aliyetupisha,
sisi kitandani, yeye topeni,
na konokono akiupanda mkono ulioinuliwa kubariki.

Alfajiri tulimkuta hana kichwa.

Shangazi Philomena akapiga makofi, "Heri! Heri!"
maana kichwa kikikatika chenyewe ni bahati,
ukikivunja wewe, hesabu imeharibika.
Binamu yangu Declan aliwahi kukisaidia kwa kijiko;
ndoa yake haikumaliza miaka miwili.

Nikatafuta gundi.
Shingoni niliona makovu, pete juu ya pete kama za shina la mti:
arusi ya bibi, arusi ya mama,
na ile ya shangazi mwenyewe,
ambayo bwana arusi hakufika, lakini hilo hatulisemi.
Nilikibandika kwa haraka, gari likipiga honi.
Kikakaa upande.

Mvua haikukatika.
Sorcha aliingia kanisani viatu mkononi, akicheka,
kulia kwake mama, kushoto kwake hewa:
baba yuko nyuma ya ukuta, safu ya tatu,
chini ya jiwe lililoota ukungu.

Kesho yake, Dominika ya mwisho ya mwaka,
sherehe ya Kristo Mfalme.
Tulikuwa watu kumi na tisa,
nusu yetu tukinuka divai ya jana.
Padre Colmán alikuwa na mahubiri kwenye karatasi;
karatasi ilikuwa imelowa. Akaikunja.
"Mnangoja kichwa kidondoke chenyewe," akasema,
"ndipo mpate baraka. Sawa.
Kule Yerusalemu hakuna kilichodondoka chenyewe.
Tulikusudia. Tulikuwa na nyundo.
Baraka ikaja vilevile."
Akakohoa. Akatangaza mchango
wa mafuta ya kulipasha kanisa joto.

"Ufalme wako ufike," tukasema,
na pumzi zetu zikaonekana zikipanda,
ubani wa wasio na ubani.

Jioni mama alimrudisha dirishani.
Nilitaka kuinyoosha ile shingo; akanishika mkono.
Miaka yote alitazama mbele, juu ya vichwa vyetu,
kama picha ya mtawala ukutani mwa posta.
Sasa anautazama mlango wa jikoni,
pale tunapoingilia na matope,
pale jirani Fintan huchungulia bila hodi
akija kuazima ngazi asiyoirudisha.

"Mwache," mama akasema. "Nimechoka kumwona akitazama mbali."

Konokono tulimkuta bado yumo,
ndani ya mkunjo wa joho.
Naye hakufukuzwa.